Shamba ni la Mzee, raifuli ni yangu: nisimame upande gani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Nimekulia kambini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko kusini mwa Minnesota, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Nakata nyama kwenye kiwanda cha nguruwe. Kadi ya kijani ya ukaazi ninayo, uraia bado.

Miaka mitatu iliyopita mwenzangu wa kazini, Mmarekani, alinialika tukawinde kulungu kwenye shamba la baba mkwe wake. Huyo Mzee ni mkulima mstaafu, mkewe alishafariki, ana mashamba ya mahindi na soya na kipande cha msitu kando ya kijito. Alinipokea kama mwanawe. Alitaka kwanza nisome kozi ya usalama wa bunduki, nikasoma nikafaulu, ndipo akaniazima shotigani yake ya siku nyingi, ile inayopiga risasi moja nene wanayoiita slagi.

Siku yangu ya kwanza, jua halijachomoza vizuri, kulungu jike alitoka kwenye mabua ya mahindi, akapanda kilima, akasimama kileleni ubavu wote wazi. Hatua kama sabini tu. Niliinua bunduki nikalenga. Mzee alikuwa ameketi pembeni yangu. Hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya mtutu akaukandamiza taratibu mpaka ukatazama chini. Kulungu akaenda zake. Akaniuliza, "Nyuma yake kulikuwa na nini?" Nikasema mbingu. Akasema, "Nyuma ya hiyo mbingu kuna zizi la jirani yangu."

Jioni ile nilipata mwingine bondeni, na nyama yake tuliila mpaka Pasaka.

Sasa mambo yameharibika. Sheria imebadilika na raifuli zimeruhusiwa huku kwetu kusini. Mwenzangu na mashemeji zake wawili wamefurahi kupita kiasi, kila mmoja ameshanunua. Mzee amekataa kabisa, anasema katika shamba lake raifuli haitalia akiwa hai. Mwezi uliopita walirushiana maneno mazito mezani, watoto wanasikia. Vijana wanataka mimi nikamlainishe kwa sababu ananipenda. Na Mzee naye anataka niende naye kwenye kikao cha kaunti, wanakojadili kama wabakize shotigani peke yake, nisimame nimuunge mkono.

Mjomba, kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi pia nimenunua raifuli, kaliba ya .308, dola 700 na kitu pamoja na darubini. Nilijaza fomu mwenyewe dukani, nikapita. Nimeificha kwenye gereji ya mwenzangu kwa sababu mke wangu hataki kuona bunduki ndani ya nyumba. Mwaka 1996, wakati wa vita, alikuwa na miaka saba, na aliyoyaona kijijini kwao hajawahi kunisimulia yote. Hata ile ya kuazima huwa narudisha kwa Mzee jioni ileile.

Nisimame na nani? Niirudishe dukani? Na mimi ambaye si raia nina mdomo gani kwenye kikao chao?

Msasi Mgeni, kusini mwa Minnesota


Marahaba, mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya kiganja juu ya mtutu nimeirudia mara ya tatu. Nimewinda jimbo hili zaidi ya miaka ishirini, na nikiwa mtoto huko Mpanda nilibeba maji nyuma ya wazee waliowinda kwa gobore. Hakuna swali la kuwinda nililowahi kusikia linaloshinda lile alilokuuliza Mzee. Nitalitumia kukujibu.

Kwanza tulimalize la shamba, maana hilo ni fupi. Ni kweli sheria imebadilika. Bunge la Minnesota lilipitisha mwaka 2025 kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ule ukanda wa shotigani tu, uliokuwa umefunika sehemu za mashamba za kusini na magharibi, uondolewe. Kaunti zikapewa nafasi ya kupitisha sheria ndogo yao na kubaki na utaratibu wa zamani: shotigani, gobore za kisasa na bastola. Lakini hata kaunti yenu ikiacha raifuli zipigwe, ruhusa ya serikali haimlazimishi mwenye ardhi. Anayekukaribisha shambani kwake ana haki ya kusema humu tunatumia hiki, kile hapana. Vijana wa Mzee wanaizungumza sheria mpya kama vile imewapa funguo za shamba lake. Haijawapa. Kwa hiyo msimu huu, ukiwa ndani ya mipaka yake, utabeba shotigani, na usimlainishe mtu. Kazi hiyo waliyokupa si yako. Wewe ni mgeni anayependwa, wao ni wanawe. Mgeni akitumwa kumbembeleza baba wa watu, mambo yakigeuka ndiye wa kwanza kukosa pa kukaa.

Sasa hoja yenyewe, maana naona unataka kujua nani ana haki, na ni vizuri ujue.

Hofu ya wazee wa huku ina msingi. Nchi yenu ni tambarare. Mwezi Novemba mahindi na soya vimeshavunwa, hakuna kinachozuia risasi. Barabara zimepangwa kama mistari ya daftari, moja kila baada ya maili, na kila barabara ina nyumba, ghala, ng'ombe, basi la shule. Risasi ya .308 ina uzito wa gramu kama 10 na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 850 hivi kwa sekunde. Slagi ya geji 12, kipimo cha kawaida cha mtutu wa shotigani, ni gramu 28, inatoka na mita 480 au zaidi kidogo. Ukiielekeza raifuli juu, risasi yake itakwenda mbali kuliko slagi, hilo halina ubishi.

Lakini nani anayewinda kulungu kwa kuelekeza juu? Hapa ndipo Pennsylvania walipofanya jambo la maana. Kule nao walikuwa na mabishano haya haya, maana maeneo ya kuzunguka Philadelphia na Pittsburgh yana masharti yake. Kamati moja ya bunge lao ikaagiza uchunguzi, ripoti ikatoka mwaka 2007. Walipiga hesabu za raifuli ya .30-06, inayokaribiana na .308 yako, shotigani ya geji 12 na gobore. Mtutu ukiinuliwa nyuzi 35, risasi ya raifuli ilifika zaidi ya kilomita 4, slagi kilomita 3 na ushee. Hilo kila mtu alilitarajia. Lakini mtutu ukiwa sawa na ardhi, kama mtu anavyolenga kulungu aliye mbele yake, slagi ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kidogo. Sababu ni kwamba slagi ni nzito na nene, ikigonga ardhi inaruka na kuendelea, wakati risasi ya raifuli ikigonga hupinduka au kumeguka na kupoteza nguvu mapema.

Soma hapo tena taratibu. Haisemi kwamba raifuli ni salama. Inasema shotigani nayo si salama kama tulivyodhani, na mtu anayejiambia "nina slagi tu" huku akilenga kileleni amejidanganya. Mzee wako anajua hilo, ndiyo maana ulipolenga kwa shotigani yake mwenyewe alikandamiza mtutu.

Vijana nao wana hoja, usiwadharau. Shotigani ya slagi inapiga bega teke la punda. Binti yangu alianza kuwinda na miaka kumi na mbili. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anafumba macho kabla hajavuta, kwa kuogopa teke tu. Alimjeruhi kulungu mguu, tukamfuata kwa taa hadi usiku wa manane tukifuata matone ya damu kwenye majani makavu, hatukumpata. Alilia njia nzima. Kwa kaliba ndogo ya raifuli mtoto yule angelenga vizuri na mnyama angekufa palepale. Kulungu aliyejeruhiwa akaenda kufia kwenye matete ni dhambi ya mwindaji, na bunduki inayopunguza dhambi hiyo si ya kutupwa. Ndiyo maana majimbo ya jirani yalilegeza, kila moja kwa njia yake. Wisconsin waliruhusu raifuli jimbo zima mwaka 2013. Michigan, kusini mwao, mwaka 2014 waliruhusu raifuli za risasi zenye ganda lililonyooka, ambazo hazina mwendo mkali kama .308. Iowa nao wakaja na ganda lililonyooka. Ni njia ya katikati, na ukisimama kwenye kikao unaweza kuitaja.

Hatari ninayoiogopa mimi iko kwingine, na sioni upande wowote mezani kwa Mzee ulioigusa. Ni kuswaga. Unajua mnavyofanya: wanne wanapanga mstari, wanapita msituni wakipiga kelele, wawili wanangoja upande wa pili kulungu watoke. Ajali nyingi za msimu ni za watu walio kundi moja, walio karibu karibu, mnyama anakimbia na mtu anazungusha mtutu kumfuata bila kuona fulana ya chungwa ya mwindaji mwenzake iliyo nyuma yake. Yalinikuta mimi. Nilikuwa kwenye mstari wa kuswaga, kwenye korongo la mialoni, nikasikia mlio, na gome la mti uliokuwa mkono wangu wa kushoto likanirukia usoni. Shimo lilikuwa usawa wa kifua. Nilikaa chini nikashindwa kusimama. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu, mtu makini, na alichokuwa ameshika kilikuwa shotigani. Alimuona dume mwenye pembe za ncha nane, hakuona kingine.

Tangu siku ile kundi letu lina kanuni, na tuliiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kibanda. Raifuli ni ya kwenye dungu tu, yaani ukiwa umekaa juu mtini unapiga kuelekea chini na ardhi inapokea risasi. Kwenye kuswaga hakuna raifuli, na wanaongoja hawapigi kuelekea msituni hata kidogo. Wanamwacha kulungu awapite, wanapiga akishakuwa nyuma yao. Kila dungu lina alama za utepe zinazoonyesha unapoweza kupiga na usipoweza. Asiyekubali anabaki kibandani kupika, na hakuna anayemcheka.

Hiyo ndiyo ya kumpelekea Mzee na vijana wake, mwaka huu au mwaka kesho, siku ambayo hasira imepoa. Usiipeleke kama mtu wa upande wa vijana. Mwambie Mzee kwamba umelifikiria lile swali lake la siku ya kwanza na ungependa atembee nawe shambani, dungu kwa dungu, akuonyeshe nyuma ya kila moja kuna nini. Akikataa baada ya hapo, amekataa. Shamba ni lake.

Jambo jingine: maongezi haya yafanyike sebuleni, bunduki zikiwa zimefungiwa. Usikubali hata siku moja mgombane porini. Novemba 2004, upande wa pili wa mpaka huko Wisconsin, mwindaji Mhmong, yaani wa jamii ya wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, mkazi wa St. Paul hapa Minnesota, alikutwa kwenye dungu la watu, katika ardhi ya watu. Maneno yakaanza, matusi, kila upande ulieleza vyake mahakamani. Watu 6 walikufa, yeye akafungwa maisha. Wahmong wengine wote waliokuwa wanawinda kwa amani walibeba macho ya shaka kwa miaka. Nakuambia hili kwa sababu wewe na mimi, tukiingia msituni na bunduki, tunaonekana kabla hatujasalimia. Kama mtu anakufokea porini, toa risasi chemba, geuka, rudi kwenye gari.

Kuhusu kikao. Mdomo unao. Kwenye vikao vya kusikiliza maoni ya watu hawadai uraia. Utasema jina na unapoishi, utapewa dakika zako. Unaishi kaunti ile, unalipa kodi pale, watoto wako wanapanda basi la shule kwenye barabara zile zile ambazo risasi zinaweza kuvuka. Kitu kimoja tu usikiguse: kura. Ukiambiwa siku hiyohiyo na mtu mwema kwamba jiandikishe kupiga kura, mshukuru, ukatae. Asiye raia akipiga kura ya serikali kuu amevunja sheria, na kadi yako ya kijani inaweza kupotea kwa kosa la dakika tano.

Nenda na Mzee. Umsindikize, ukae naye mstari mmoja. Lakini ukisimama sema unachokiamini wewe. Kama unaamini raifuli zibaki nje ya kaunti, sema. Kama unaamini kuna njia ya katikati, mwambie Mzee ndani ya gari mkiwa njiani, asilisikie kwa mara ya kwanza kwenye maikrofoni. Na ukitaka kuwafanya makamishna wa kaunti wakusikilize, wasimulie kilima kile, mabua yale, na kiganja kile. Wataelewa.

Umenitajia fomu ya dukani, na hapo umefanya sawasawa. Ile namba 4473 lazima aijaze mwenye bunduki. Wako ndugu zetu wanaoogopa Kiingereza cha fomu wanampa rafiki pesa anunue kwa jina lake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hilo ni kosa, hata kama wote wawili wana haki ya kumiliki. Kwa asiye raia kosa la bunduki linaweza kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Waambie wengine pale kiwandani.

Sasa mke wako. Nimelichelewesha kwa sababu ndilo zito.

Hujaficha raifuli kwa sababu ya sheria wala Mzee. Umemficha yeye. Na kila siku inayopita ndani ya ile gereji, kitu kinachofichwa kinakua. Siku atakapokijua, atakijua kutoka kwa mke wa mwenzako, au kutoka kwa risiti mfukoni wakati wa kufua, na hataiona raifuli ya .308. Atamwona mwanamume aliyekuja na bunduki bila kumwambia. Mtoto wa miaka saba wa Fizi mwaka 1996 anajua vizuri watu waliokuja na bunduki bila kuuliza.

Mimi nilioa mwanamke wa Uvira. Miaka sita tuliishi bila bunduki nyumbani, nilikuwa naazima kama wewe. Sikumshawishi. Siku moja aliniomba mwenyewe nimpeleke kwenye uwanja wa shabaha, akasimama nyuma ya kioo dakika kumi, akasema twende. Mwaka uliofuata alisema kama nitanunua kabati la chuma, ufunguo mmoja akae nao yeye, basi. Huo ufunguo anao mpaka leo, na sijawahi kutoa bunduki bila yeye kujua. Wako wanawake ambao hawatafika huko hata baada ya miaka ishirini, na hawana kosa.

Kwa hiyo mwambie. Mwambie wiki hii, watoto wakiwa wamelala, bila raifuli yenyewe kuwapo. Anza na kwamba umekosea kuficha, usianze na faida za raifuli. Akisema haitaingia, haiingii. Kumbuka pia Minnesota inamhesabu mkosaji mtu anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anapoweza kuifikia, na wewe una watatu; kwa hiyo kabati la chuma, risasi mbali na bunduki, si ombi la mke tu. Kama hataki kabisa, iuze. Rudi dukani uliponunua uwaulize kama wanaipokea; utapoteza pengine dola mia mbili. Ni ghali, najua saa ngapi za zamu hiyo ni. Lakini usiiache kwa mwenzako kama ya kwako iliyojificha, maana akigombana na baba mkwe wake kwa ajili ya raifuli, raifuli moja kati ya hizo ni yako, na Mzee hatasahau hilo.

Msimu unafunguliwa Jumamosi ya tarehe 7 Novemba. Kabla ya hapo omba Mzee akuachie ile shotigani siku moja, uende uwanjani upige slagi kumi kwa umbali wa hatua sabini, ukiwa umetulia, na uandike zilipogonga. Na muulize ni dungu lipi linatazama kijitoni.

Mjomba wako